Somo la hesabu kwa koperative: Katika mbegu 100, ngapi zitaota?



Mwezi wa 9 unakaribia. Huku Kivu ndio mwanzo wa sezoni A, na koperative nyingi ziko katika kazi ya kutafuta mbegu ya maharagi. Feza inatoka katika sanduku la wote, mbegu inagawanywa kwa mkopo, na kila mwanachama anaandikwa katika daftari: amechukua kilo ngapi, na atarudisha kilo ngapi wakati wa mavuno.

Hapo ndipo kuko hatari. Deni linahesabiwa kwa kilo, lakini shamba halijui kilo. Shamba linajua mbegu yenye uhai. Mtu aliyechukua kilo 10, na nusu yake ikaoza katika udongo, atadaiwa sawasawa na yule ambaye mbegu yake yote imeota. Na siku ya kugawanya, mbegu nzima na mbegu iliyokufa zinaweza kufanana kabisa kwa macho.

Muuzaji atasema: "Hii mbegu iko muzuri, musiogope." Pengine anasema kweli. Lakini tuko na njia ya kujua sisi wenyewe mbele ya kulipa. Inaomba kitambaa, maji kidogo, siku saba, na hesabu ambayo mtu aliyemaliza shule ya msingi anaiweza. Chukueni kalamu na daftari. Leo tutafanya hesabu nne pamoja, na mwisho kuko tatu za kufanya wenyewe katika mkutano.

Bahati inahesabiwa namna gani?

Watu wanasema: "Kuota kwa mbegu ni bahati tu." Ni kweli, hakuna anayeweza kuchukua mbegu moja mkononi na kuapa kwamba itaota. Lakini mbegu zikiwa nyingi, bahati inakuwa na namba. Vitabu vya shule vinaiita *uwezekano*.

Namba hiyo inapatikana hivi: hesabu mara ambazo jambo limetokea, kisha gawanya kwa mara zote ulizojaribu. Jibu linakaa kati ya 0 na 1. Sifuri maana yake jambo haliwezi kutokea. Moja maana yake lazima litokee. Nusu, ao 0,5, ni kama kutupa kichele juu: upande huu ao upande ule.

Hesabu ya 1. Tumejaribu mbegu 100 za maharagi. Nyuma ya siku saba, 80 zimeota. (a) Uwezekano wa mbegu moja kuota ni ngapi? (b) Uwezekano wa kutoota ni ngapi? (c) Kama kilo moja ya maharagi hayo iko na mbegu 2.500, tungojee ngapi zitaota?

*Jibu.* (a) 80 ÷ 100 = 0,8. Tunasema pia 80 kwa mia. (b) Mbegu inaota ao haioti, hakuna njia ya tatu. Kwa hiyo namba hizo mbili zikijumlishwa zinatoa 1. Basi 1 – 0,8 = 0,2. (c) 2.500 × 0,8 = 2.000.

Angalieni neno "tungojee". Haiko ahadi kwamba zitakuwa 2.000 kamili. Zinaweza kuwa 1.970 ao 2.030. Hesabu ya bahati haitabiri mbegu moja moja. Inatuambia tujipange kwa kiasi gani.

Mbegu chache zinazosemea gunia lote

Hatuwezi kuotesha gunia lote kwa kulijaribu. Tunachukua mbegu chache, tunaziita *sampuli*, na tunaziacha zisemee zingine. Ni kama mama anayeonja mboga: kijiko kimoja kinatosha, lakini lazima sufuria ikorogwe kwanza. Akichota juu tu, chumvi iliyo chini hataijua.

Kwa mbegu, fanyeni hivi:

1. Fungueni kila gunia. Ingizeni mkono juu, katikati, na chini kabisa. Chini ndiko unyevu unaingia, na wadudu wa ghala wanaweza kujificha katikati.
2. Changanyeni vizuri zile mlizotoa katika gunia moja. Msichanganye na za gunia lingine.
3. Hesabuni mbegu bila kuchagua. Mbegu ndogo, mbegu yenye mkunjo, mbegu yenye tundu: kama imekuja mkononi, inahesabiwa. Mtu akichagua nzuri tu, amepima macho yake, hajapima gunia.
4. Ziwekeni juu ya kitambaa kilicholowa bila kujaa maji. Kunjeni, wekeni pahali pa kivuli, lowesheni kila siku.
5. Nyuma ya siku saba, hesabuni zilizotoa mzizi na chipukizi zenye afya. Iliyooza ao iliyovimba tu haihesabiwi. Pahali pa baridi, kama milima ya Lubero ao Masisi, ongezeni siku mbili.

Msikubali sampuli ambayo muuzaji ameleta katika karatasi kutoka nyumbani kwake. Sampuli inatoka katika gunia lile mtakalolipa, na mkono unaoingia ndani ni wa komite.

Na mbegu yenye etiketi ya SENASEM, huduma ya Serikali ya mbegu, je? Etiketi ni kitu cha maana, inaonyesha mbegu ilipimwa. Lakini ilipimwa siku ile. Kama nyuma yake ililala miezi katika depo yenye joto na unyevu, uhai unapungua. Angalieni tarehe, na jaribuni tena.

Mchezo wa kufanya katika mkutano

Kuko wanachama watakaosema: "Juu ya nini mbegu 100? Kumi zinatosha." Msibishane nao kwa maneno. Chezeni mchezo huu.

Wekeni katika mfuko mmoja maharagi meupe 80 na mekundu 20 ya ukubwa mmoja. Meupe ni mbegu yenye uhai, mekundu ni mbegu iliyokufa. Kwa hiyo tunajua ukweli wa mfuko: 80 kwa mia. Kila mwanachama afunge macho, atoe kumi, ahesabu meupe, sekretere aandike, kisha yarudishwe yote na kuchanganywa tena.

Mtaona wengi wanapata 7, 8 ao 9. Lakini mtu fulani atapata 10, na mwingine atapata 6 ao 5. Mfuko ni ule ule! Yule wa 10 angesema, "Mbegu hii haina kasoro." Yule wa 5 angesema, "Turudishe." Wote wawili wangefanya uamuzi mubaya, na hakuna kati yao aliyedanganya. Kwa mbegu kumi, bahati inasukuma jibu huku na huku.

Kuko kanuni rahisi ya kukumbuka. Karibu mara 95 katika 100, jibu la sampuli halitapita mpaka huu juu ao chini ya ukweli:

- mbegu 25: hatua 20 kwa mia;
- mbegu 100: hatua 10 kwa mia;
- mbegu 400: hatua 5 kwa mia.

Tazameni vizuri: tukizidisha mbegu mara nne, mashaka yanapungua nusu. Mbegu mara nne, mashaka nusu. Ndiyo sababu 100 ni namba nzuri kwa koperative: kazi haiko nyingi sana, na jibu linatosha kuamua.

Hesabu ya 2: Wastani unaoficha gunia baya

Koperative imeletewa magunia manne. Imeotesha mbegu 25 za kila gunia katika vitambaa vinne. Matokeo:

- Gunia la kwanza: 22 zimeota
- Gunia la pili: 21 zimeota
- Gunia la tatu: 23 zimeota
- Gunia la nne: 14 zimeota

Wastani ni ngapi? Na tununue ao tusinunue?

*Jibu.* Jumla ni 22 + 21 + 23 + 14 = 80 katika mbegu 100. Wastani ni 80 kwa mia. Muuzaji atafurahi: "Munaona? 80!" Lakini tugeuze kila gunia kwa mia: 88, 84, 92, na 56. Wale watakaogawiwa gunia la nne hawatapanda wastani. Watapanda gunia la nne.

Wastani ni namba nzuri, lakini inakusanya kizuri na kibaya katika kapu moja. Kila mara mtu akiwatajia wastani, ulizeni tena: kidogo kabisa kilikuwa ngapi, na kikubwa kabisa ngapi?

Je, gunia la nne linaweza kuwa zuri na bahati tu ilikuwa mbaya siku ile? Kama kweli lilikuwa la 80 kwa mia, kupata 14 ao chini yake katika mbegu 25 kungetokea chini ya mara moja katika 100. Kwa hiyo mashaka yetu yako na msingi. Lakini tusimtukane mtu kwa kitambaa kimoja: tuchukue mbegu 100 za gunia lile peke yake, tungoje siku saba, kisha tuseme.

Na magunia matatu mengine? Msipoteze wakati kubishania kama la tatu (92) linashinda la pili (84). Kwa mbegu 25, tofauti hiyo inaweza kuletwa na bahati tu.

Hesabu ya 3: Bei ya kilo na bei ya uhai

Wauzaji wawili wamekuja. Mbegu A ni 3.000 FC kwa kilo, na katika jaribio 90 kwa mia zimeota. Mbegu B ni 2.100 FC kwa kilo, na 60 kwa mia zimeota. Koperative inahitaji kilo 36 za mbegu yenye uhai. Mbegu gani ni ya bei nafuu?

*Jibu.* Wengi watajibu B bila kuchukua kalamu. Tuhesabu.

Mbegu A: 36 ÷ 0,9 = kilo 40 za kununua. 40 × 3.000 = 120.000 FC.

Mbegu B: 36 ÷ 0,6 = kilo 60 za kununua. 60 × 2.100 = 126.000 FC.

Ile ya bei ya chini ndiyo inakula feza nyingi. Na haijaisha. Kuko kubeba kilo 20 zaidi kutoka barabarani mpaka kijijini. Kuko pia daftari la deni: kama kila mtu anarudisha kwa kilo alizochukua, wanachama waliopanda B watadaiwa kilo 20 zaidi kwa shamba lile lile.

Kanuni: gawanya bei ya kilo kwa uwezekano wa kuota. Mbegu A: 3.000 ÷ 0,9 = 3.333 FC. Mbegu B: 2.100 ÷ 0,6 = 3.500 FC. Hizo ndizo bei za kweli za kulinganisha.

Hesabu ya 4: Mashimo matupu

Shamba la mita 10 kwa mita 10. Mistari iko sentimita 50, na kati ya shimo na shimo sentimita 20. Hiyo inatoa mashimo 1.000. Tunaweka mbegu mbili kwa kila shimo. Mashimo mangapi yatabaki matupu kwa mbegu A, na mangapi kwa mbegu B?

*Jibu.* Shimo linabaki tupu kama mbegu zote mbili zimekufa. Tuanze na B, ambayo 40 katika 100 hazioti. Fikirieni mashimo 100. Katika 40, mbegu ya kwanza imekufa. Sasa katika hayo 40, ya pili pia inakufa 40 kwa mia, maana yake mashimo 16. Kwa ufupi tunazidisha: 0,4 × 0,4 = 0,16. Kwa mashimo 1.000, 160 ni matupu.

Mbegu A: 0,1 × 0,1 = 0,01. Kwa mashimo 1.000, 10 ni matupu.

Mtu atasema: "Basi B tuweke mbegu nne kwa shimo." Tuhesabu: 0,4 × 0,4 × 0,4 × 0,4 = 0,0256, kama mashimo 26 matupu. Imepungua, lakini bado inapita A ya mbegu mbili, na tumetumia mbegu mara mbili. Tena, kuko mashimo ambamo zote nne zitaota: 0,6 × 0,6 × 0,6 × 0,6, karibu 0,13. Hayo ni mashimo 130 yenye miche minne inayonyang'anyana chakula na jua. Kuongeza mbegu hakuponyeshi mbegu mubaya.

*Angalisho.* Kuzidisha hivyo ni sawa tu kama kila mbegu inakufa kwa sababu yake yenyewe. Lakini katika shamba, sababu moja inaweza kuua zote mbili kwa mara moja: kuku amefukua shimo, maji yamesimama, jua limekausha mstari mzima. Hapo mbegu mbili hazikingi kuliko moja. Kwa hiyo shamba kwa kawaida linatoa kidogo kuliko kitambaa. Kitambaa kinapima mbegu. Hakipimi mvua wala kuku.

Kazi ya kufanya pamoja

Gawanyikeni vikundi vya watu watano, wanaojua kuandika wakae na wasiojua. Msifunue majibu haraka.

1. Katika mbegu 100, 70 zimeota. Kwa mbegu mbili katika kila shimo, mashimo mangapi katika 1.000 yatabaki matupu? Na kwa mbegu tatu?

2. Mbegu ya kwanza ni 2.800 FC kwa kilo na inaota 70 kwa mia. Ya pili ni 3.400 FC na inaota 85 kwa mia. Mtachagua gani, na juu ya nini?

3. Katika daftari la kijiji, mvua ya sezoni A ilichelewa mara 3 katika miaka 10. Mwanachama mmoja anasema: "Mwaka jana ilichelewa, mwaka juzi pia ilichelewa. Sasa mwaka huu lazima ije kwa wakati." Amesema kweli?

*Majibu.*

1. Kutoota ni 0,3. Mbegu mbili: 0,3 × 0,3 = 0,09, mashimo 90. Mbegu tatu: 0,3 × 0,3 × 0,3 = 0,027, mashimo 27.

2. 2.800 ÷ 0,7 = 4.000 FC, na 3.400 ÷ 0,85 = 4.000 FC. Bei ya uhai ni ile ile. Chagueni ya pili: mzigo ni mdogo, deni la kilo ni dogo, na mashimo matupu yatakuwa machache.

3. Hapana. Mvua haina deni kwetu, na haikumbuki kwamba ilitukosea mara mbili. Kwa yale daftari linaonyesha, uwezekano wa kuchelewa unabaki 3 katika 10. Tena, miaka 10 ni sampuli ndogo, sawa na zile mbegu kumi za mchezo wetu. Endeleeni kuandika.

Kabla ya kulipa

Komite ikubaliane mapema, mbele ya kuonana na muuzaji, kipimo gani itakubali. Kwa maharagi, tunashauri 80 kwa mia. Chini ya hapo, bei ipunguzwe kwa hesabu ya tatu, ao gunia lirudi. Mkiamua kipimo nyuma ya kuona matokeo, kila mtu atavuta upande wa rafiki yake.

Fungueni ukurasa mmoja katika daftari la koperative na andikeni kila sezoni: tarehe, gunia, mbegu zilizojaribiwa, zilizoota, na bei. Mwanachama yeyote awe na ruhusa ya kuusoma mbele ya kuandika jina lake kwenye deni. Anayekopa kilo ana haki ya kujua ngapi kati yake ziko na uhai.

Siku saba si nyingi. Anzeni jaribio wiki mbili mbele ya siku ya kulipa, ili kama gunia moja linaleta mashaka, mpate wakati wa kulijaribu tena. Kwa wenzetu wa upande wa Katanga, ambako mvua kubwa inakuja mara moja kwa mwaka na kupanda kunaanza kama mwezi wa 11, hesabu ni hizi hizi. Na hata kwa mahindi zinafaa vilevile: badilisheni tu nafasi ya mashimo.

Kazi njema, na sezoni njema!